Tone la Sabuni kwenye Tui

Nilitia sabuni ya vyombo kwenye tui la mchuzi wa posa ya dada yangu. Tone moja tu, wallahi. Haya, matatu.

Mwalimu wa kemia ndiye aliyenitia wazimu. Alisema sabuni ina kichwa kinachopenda maji na mkia unaopenda mafuta, kwa hiyo husimama katikati ikayashika yote mawili. Nikamkumbuka jirani yetu, alaye kwa bwana harusi na kwa bibi harusi siku hiyo hiyo. Nikapanga chupa tatu dirishani, zote maji na mafuta ya nazi: moja bila kitu, moja na kiini cha yai, moja na sabuni. Nikazitikisa. Ya kwanza ilijitenga kabla sijaketi. Ya yai ilijitahidi mpaka jioni. Ya sabuni ilikesha nyeupe pe. Nikaitangaza mshindi.

Siku ya posa mama akanipa upawa. "Koroga mpaka lichemke, usiondoke. Tui likikatika mbele ya wageni wa posa kutoka Jego, watasema nyumba hii haina ajuaye kupika. Dadako asipoolewa, atabaki hapa akuchape wewe."

Mimi na kusimama hatupatani. Miguu iliniwasha, nje wenzangu wanacheza mpira. Nikamkumbuka mshindi wangu, nikamtia, nikatoka.

Niliporudi, tui halikuwa limekatika. Lilikuwa limefura povu, linamwagikia mafigani. Nikaonja: shati la shule lililotoka kufuliwa. Katika kupima kwangu kote sikuwahi kuonja.

Dada akachungulia, hina mikononi haijakauka. "Umefanya nini?"

"Tui limeoga."

Hakucheka. Midomo ilimtetemeka. Mara simu: wageni wamefika Mwabungo, kijiji cha jirani.

Mama akaja, akaliona povu, akalimwaga tui lote. Nikaikalia mbuzi, nikakuna nazi kama anayekimbizwa, nikachubuka vidole. Yeye akakamua. Nikakoroga bila kupepesa, kila povu dogo likinirusha roho.

Wageni wakala. Nilikuwa nikiwanawisha mikono wanawake wakati mama wa bwana harusi alipouliza, "Tui hili limetulia. Nani kalikoroga?"

Dada akainamisha kichwa. Mama akanitazama, kisha akamgeukia mgeni.

"Ni huyu mwanangu. Usafi umemzidi, mchuzi huuosha kwanza ndipo akaupika."