Mzee Aliyezijua Noti kwa Vidole

Ungetaka kumpunja mtu pesa pale stendi ya Babati, ungewatafuta wenye macho. Hao ni wengi na wanapunjika kirahisi. Mzee Sosthenes alikuwa hapunjiki. Benki wana mashine ya kuhesabia noti, inanguruma, na umeme ukikatika inanyamaza kama mbuzi aliyemeza pumba. Mzee alikuwa na vidole kumi, na havikuwahi kukatikiwa umeme. Wasomi wenye vyeti vyao wamekuja kumjaribu, wakaondoka wanajikuna kisogo.

Surua ilimchukua macho akiwa mtoto wa miaka miwili, kule milimani Mbulu, kwa hiyo shilingi hajawahi kuiona hata moja. Kazi yake ilikuwa kuuza chenji. Makonda wa Hiace hawakosi noti, wanachokosa ni sarafu, na abiria asiyerudishiwa mia mbili yake ana mdomo mchungu. Basi konda anampa mzee elfu kumi, mzee anampa sarafu za elfu tisa na mia tano. Ile mia tano inayobaki ndiyo ugali wake.

Sarafu zilitoka wapi? Kanisani, wanangu! Kila Jumatatu asubuhi Mzee Teodori, mhazini wa parokia, alimletea mfuko wa sarafu za sadaka, akachukua noti za thamani ileile. Kwa miaka kumi na tisa hesabu haikupungua hata hamsini. Teodori alikuwa amemwambia tangu siku ya kwanza, "Sosthenes, hii ni mali ya Mungu. Siku ikipungua, mfuko unahamia kwa mwingine." Sosthenes akajibu, "Mungu mwenyewe aje ahesabu."

Sasa sikilizeni mahali mambo yalipoharibikia. Mwaka huu, wakati wa baridi ya mwezi wa saba, ncha za vidole zilianza kufa ganzi. Akasema ni baridi. Baridi ikaisha, ganzi ikabaki. Zahanati wakampima, wakamwambia ni sukari, imeingia kwenye mishipa ya fahamu, ameze dawa na apunguze chai tamu. Alimeza dawa. Vidole havikurudi. Akivisugua kwenye suruali alikuwa kama anasugua vijiti vya mtu mwingine. Hakumwambia yeyote, hata Bernadina, muuza chai wa meza ya jirani, ambaye stendi nzima inamwita Mama Cornel. Alijua akitamka tu, Jumatatu mfuko hauji.

Katikati ya shida hiyo wakaja watoto. Kila mwaka Mwalimu Kindness huleta darasa la tatu stendi kujifunza fedha ya nchi yetu, na mwalimu wa siku hiyo huwa Mzee Sosthenes.

"Shikamoo babuuu!"

"Marahaba. Msinipigie kelele, mimi ni kipofu, si kiziwi. Haya, fedha yetu inaitwaje?"

"Shilingiii!"

"Anaitoa nani?"

"Benki Kuuu!"

"Sarafu tunazotumia hapa ni hamsini, mia, mia mbili na mia tano. Noti ni elfu moja, mbili, tano na kumi. Nani ataniambia kuna picha gani?"

Binti mmoja, Zawadi, akazitaja kwa pumzi moja: Baba wa Taifa kwenye elfu moja, simba kwenye elfu mbili, faru kwenye elfu tano, tembo kwenye elfu kumi.

"Safi. Mimi hao wanyama sijawaona, lakini nawajua kwa urefu. Kadiri mnyama anavyokuwa mkubwa ndivyo noti inavyorefuka. Tembo ana noti ndefu kuliko wote."

"Babu, mbona faru yuko pia kwenye sarafu ya hamsini?"

"Huyo bado mtoto. Akikua atahamia elfu tano."

Wakacheka. Zawadi hakutosheka, watoto wa namna hiyo hawatosheki. "Babu, kwa nini hii karatasi inanunua mkate na karatasi ya daftari langu hainunui?"

"Ukiipeleka noti Kateshi wanaijua. Singida wanaijua. Mwanza huko wanaijua. Saini ya gavana ipo na ya waziri ipo. Daftari lako nani analijua Kateshi?"

Mama Cornel alicheka mpaka akamwaga chai. Mzee aliwasikia wote wakicheka, akangoja kusikia raha aliyozoea kuipata siku hiyo. Haikuja. Alikuwa anasema maneno ya mwaka jana kwa mdomo wa mwaka huu.

Kisha ikafika sehemu ambayo watoto huisubiri: mtu anamwekea pesa kiganjani, yeye anaitaja. Zawadi akaweka sarafu. Mia na mia mbili zinakaribiana ukubwa, lakini mzee huzizungusha pembeni kwa ncha za vidole na hakosei. Akaizungusha. Hakusikia kingo wala maandishi. Ilikuwa kama kushika kitu kupitia blanketi.

"Mia," akasema.

Mtoto mmoja akaguna.

"Ni mia mbili, babu," Zawadi akasema, kwa sauti ya chini.

"Vizuri sana! Nilikuwa nakupima wewe, si unaona? Mwalimu, huyu mpe alama zake."

Wakapiga makofi. Mwalimu Kindness akashukuru, akawapanga mstari, wakaondoka wakiimba. Lakini Praygod, konda wa Hiace iendayo Mutuka, alikuwa amesimama kwa Mama Cornel na kikombe mkononi, na hakupiga makofi.

Mjue kwanza Praygod na mzee walikuwa wanaongea vipi. Praygod alikuwa akifika anasema, "Mzee tapeli, leo unaniibia ngapi?" Mzee anajibu, "Kaibiwe na fundi wako, gari linatoa moshi kama tanuru la matofali." Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yao, kila siku ya Mungu.

Kesho yake asubuhi Praygod akaja. "Shikamoo mzee."

Mzee akageuza sikio. "Marahaba."

"Naomba chenji. Elfu kumi hiyo, mzee wangu."

Sosthenes akaipokea. Akaikunja kwenye kiganja kutafuta inaishia wapi, kama alivyofanya mara elfu na elfu. Hakupata mwisho wake. Nyuma makonda wengine wawili walikuwa wanangoja. Akahesabu sarafu taratibu, za elfu tisa na mia tano, akampa.

"Asante sana, mzee wangu. Mungu akubariki."

Miguu ikaondoka haraka. Wanangu, mtu aliyezoea kukutukana kwa utani akianza kukubariki, shika mfuko wako. Mzee hakuhitaji vidole kulijua hilo. Akabaki ameishika ile noti magotini. Alingoja hasira, haikuja. Alingoja aibu, nayo haikuja. Alisikia injini, alisikia mtu akitangaza Arusha, alisikia sukari ikikorogwa kikombeni, na vyote vilikuwa mbali.

Akanyoosha mkono upande wa chai.

"Mama Cornel. Hii ni ngapi?"

Bernadina alidhani ni utani. Alipomwangalia usoni akaacha kucheka. "Elfu mbili, baba." Kisha akasimama na mwiko mkononi. "Ni Praygod, eh? Ngoja! Hiace yake bado ipo, namfuata mimi mwenyewe, nitamvua shati mbele ya abiria wake!"

"Kaa chini."

"Baba, elfu saba na mia tano hiyo!"

"Kaa, Mama Cornel. Si yeye peke yake aliyedanganya. Mimi nimewadanganya tangu mwezi wa saba."

Konda aliyefuata alikuwa amesogea na noti yake. "Mzee, vipi tena?"

"Vidole vimekufa," Sosthenes akasema, kama mtu anayesema mkate umeisha. "Mpe huyo mama noti yako, aisome kwa sauti."

Mama Cornel akaisoma kwa sauti iliyofika mpaka vyooni. Elfu tano! Mstari mzima ukasikia, na mpaka saa nne stendi yote ilikuwa na habari.

Jumapili baada ya misa mzee akamtafuta Teodori mwenyewe, akamweleza habari ya vidole, bila kuongeza chumvi. Teodori akamshika bega kwa muda mrefu. Bega lilisikia. Hawakubishana.

Jumatatu mfuko ulikuja saa ileile. Teodori akawasalimia wote wawili, akamuuliza Bernadina jina la ukoo wake ili aliandike kwenye daftari la parokia, mahali palipokuwa na jina la Sosthenes. Sarafu zikamwagwa kwenye meza ya chai. Mzee alizisikia zikianguka hatua mbili kushoto kwake, akahesabu mlio kwa mazoea mpaka ulipokwisha.

"Baba, nikuletee chai?" Bernadina akauliza.

"Lete. Isiwe na sukari."