Sakafu ya Kocha Lipu

Hakuna timu yenye furaha kama timu mbovu mwezi mmoja kabla ya ligi kuanza. Nimeliona jambo hili katika miji mingi na kulisikia katika lugha kadhaa, na maneno huwa yale yale: mwaka huu ni wetu. Lakini sijasikia yakisemwa kwa kifua kipana kama katika ua wa nyuma ya duka moja la magodoro, ambako timu ya mpira wa kikapu iliyoshika mkia misimu mitano mfululizo ilikuwa ikifanya mazoezi kama mabingwa wa dunia.

Kocha wao alikuwa fundi mwashi. Walimwita Lipu, kwa sababu hata siku ya harusi ya mwanawe alikuwa na ukoko wa saruji kwenye kucha. Kutwa nzima mjini jina lake lilikuwa "we fundi". We fundi, shuka. We fundi, hapa umeacha shimo. Jioni alinawa, akavaa filimbi shingoni, akapita lango la ua ule, na vijana warefu kama milingoti wakamwambia, "Habari za kazi, Kocha?" Kwa neno hilo moja Lipu angebeba zege bure mpaka uzeeni. Mwenyekiti wa timu, ambaye ndiye mwenye duka na mwenye ua, alilijua hilo, ndiyo maana hakuwahi kumlipa.

Msimu huu mwenyekiti aliweka mambo wazi, akiwa amekaa juu ya rundo la magodoro kama mfalme asiyetaka kuumia.

"Tukishika mkia tena, timu inavunjwa. Ua utakuwa maegesho ya magari ya wateja. Na wewe utarudi kuwa fundi."

Lipu hakutishika. Alikuwa na dawa, na dawa yake ilikuwa sakafu.

Kila mwaka kabla ya ligi alimwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani, unene wa vidole vitatu, na kuilainisha kwa mwiko mpaka mtu angeweza kunyolea ndevu kwa kujitazama humo. "Huwezi kujenga ushindi juu ya nyufa," alisema, na wachezaji waliitikia kwa makofi. Mwenyekiti alikata utepe. Ufa wa mwaka jana ulifunikwa pamoja na matokeo ya mwaka jana, na kila mtu akaanza upya akiwa msafi kama mtoto wa jana.

Na kweli walianza upya. Mpira ulizama wavuni kama umetumwa. Mchezaji wao tegemeo alikuwa mpaka rangi mmoja waliyemwita Ngongoti, aliyejulikana mjini kwa kupaka dari bila ngazi. Msimu wa kwanza aliweza kugusa ringi kwa ncha za vidole. Sasa alikuwa anadanki, yaani anausokomeza mpira ringini kutoka juu, kwa mkono wowote, tena anabaki ananing'inia na kusalimia majirani ng'ambo ya ukuta.

Kisha, kila mwaka, ligi ilianza. Mechi zote zilichezwa katika ukumbi mkubwa wa michezo wa mji, na humo mipira yao ilifika karibu na ringi, ikasita, ikarudi chini. Walikuwa na sababu. Mwaka mmoja zilikuwa taa. Mwaka mwingine hewa ya mle ndani ni nzito. Mwaka jana walikubaliana, baada ya majadiliano marefu, kwamba kuna mtu anawaonea kijicho.

Wala usifikiri dalili hazikuwapo. Lango la ua lilikuwa linagoma kufunguka kila baada ya sakafu mpya, na fundi wa kuchomelea aliitwa alikate chini kidogo. Benchi la wachezaji wa akiba, lililochimbiwa ardhini tangu zamani, lilizidi kuwa fupi, hata majitu yale yakakaa magoti yakigusa masikio, kama watu wanaoogea beseni. Hakuna aliyeuliza. Mwenye matumaini hapimi.

Aliyeuliza ni mke wa Lipu. Alikuwa fundi cherehani, na kila mwaka kazi ya kushona na kufunga nyavu ilikuwa yake. Msimu wa kwanza alipanda juu ya meza yake ya kukatia vitambaa, juu ya meza wakaweka kigoda, na Lipu akamshika miguu huku akiomba dua. Mwaka huu alipanda meza tupu, akanyoosha mikono, akaona amezidisha. Akaikunja. Akafunga wavu huku viwiko vimelegea, kama anayeanika shuka.

"Mume wangu, umri huu mimi ni wa kurefuka?"

"Meza imevimba. Mbao hunywa maji."

"Ikavimba kigoda kizima? Lete tepu."

Ringi ya kikapu hukaa futi kumi kutoka sakafuni. Ile haikufika tisa. Nguzo zilikuwa zimesimama pale pale zilipochimbiwa. Kilichopanda ni sakafu. Lipu alipima, akapima tena, akaitazama tepu kwa chuki.

"Hii tepu imelegea."

"Ya chuma hiyo! Italegeaje? Sema tu ukweli, baba. Umewafundisha watoto wa watu kufunga kwenye ringi ya chekechea."

Lipu alikaa chini, juu ya kazi yake nzuri kuliko zote, akaipapasa. Kubomoa hakuweza, afadhali wamwambie amkate mwanawe kidole. Kesho yake alimwita fundi wa kuchomelea, wakaunga nguzo vipande vya bomba, ringi ikarudi juu mahali pake.

"Na wachezaji utawaambia nini?" mkewe aliuliza.

"Nitawaambia nimeleta mbinu mpya."

Mbinu mpya iliua timu kwa siku tatu. Mipira ilipita chini ya ringi kama inaikwepa. Nyimbo zilikoma. Ngongoti alikimbia, akaruka, akashika hewa, akatua akitazama mkono wake kama si wake. Siku ya nne alikuja na suruali ya kazini, yenye matone ya rangi, viatu vya mazoezi amevifunga kamba na kuvining'iniza shingoni.

"Kocha, nimekuja kuaga."

"Unasafiri?"

"Nastaafu. Magoti yamezeeka. Ringi niliyokuwa nasalimia watu nikiwa juu yake, leo naitazama kama mwezi. Hivi viatu mpe kijana mwenye miguu."

Jambo lilikuwa rahisi. Uzee ungebeba lawama, na uzee haujawahi kukataa mzigo. Lipu angebaki na filimbi yake na neno lake moja. Alifungua kinywa aseme pole. Lakini Ngongoti alikuwa anamwekea viatu miguuni, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia.

"Chukua viatu vyako," Lipu alisema. "Hujazeeka. Mimi ndiye niliyepandisha ringi. Na kabla ya kupandisha ringi, miaka yote hii nilikuwa nakupandishia sakafu."

Wengine walisogea. Aliwaeleza yote, akawaonyesha lango lililokatwa na benchi lililozama. Katika hadithi za kufundisha watoto, hapa wangemkumbatia. Hawa walikwenda kumwita mwenyekiti.

Mwenyekiti alisikiliza mpaka mwisho, akasimama katikati ya ua.

"Nawauliza, hapa huwa tunafunga?"

"Tunafunga!"

"Kule ukumbini tunafunga?"

"Hatufungi!"

"Basi ringi mbovu ni ipi?"

"Ya kule!"

Uwanja ulilipuka. Ujumbe wa watu wawili ulitumwa kwa wakuu wa ligi kudai ringi za ukumbini zishushwe. Huko, nasikia, wahusika walicheka mpaka mmoja akafungua kitufe cha shati. Fundi wa kuchomelea aliitwa mara nyingine kukata mabomba aliyoyaunga, na ringi iliposhuka tu, mipira ikaanza kuzama na nyimbo zikarudi. Filimbi alipewa mpwa wa mwenyekiti, aliyewahi kuhudhuria semina na kurudi na kofia.

"Asante kwa huduma yako, fundi," mwenyekiti alisema.

Asubuhi iliyofuata kulikuwa na hodi mlangoni kwa Lipu. Ngongoti alikuwa amesimama nje na ndoo ya rangi mkono mmoja, mpira mkono mwingine.

"Kule shule ya msingi kuna ringi. Uwanja ni kokoto tupu, lakini nimepima. Futi kumi. Twende kabla hatujaingia kazini."

Walikwenda, na wakaendelea kwenda. Jioni Ngongoti alifanya mazoezi ya kitoto na wenzake. Alfajiri aliteseka kwa Lipu.

Mechi ya kwanza ilifika. Mpwa alikuwa na ubao wa kuchorea mishale, na mishale yote ilielekea juu. Mipira haikuiona. Ilipanda, ikasita, ikarudi chini kwa adabu zake za siku zote. Mpinzani alifunga mpaka akaona haya. Kila kikapu walichopata kilitoka kwa mtu mmoja, na dakika ya mwisho mtu huyo alipaa, akausokomeza mpira kwa mikono miwili, akabaki juu ananing'inia.

"Kocha!" alipiga kelele.

Mpwa wa mwenyekiti aliinua mkono kwa madaha. Ngongoti alitikisa kichwa, akaelekeza kidevu kule nyuma, safu ya mwisho, ambako Lipu alikuwa ameinama akikagua ufa kwenye ngazi ya ukumbi. Mkewe alimpiga kiwiko.

"Itika, bwana. Unaitwa."

Watu walipokuwa wanatoka, mwenyekiti alimfuata mlangoni. Hesabu zake za msimu zilikuwa zimeshafika mwisho.

"We fundi, kesho asubuhi njoo tuzungumze habari za yale maegesho."

Lipu alitazama nyuma. Ngongoti alikuwa anakuja, na nyuma yake wachezaji wengine wawili, vichwa chini, viatu mikononi.

"Labda mchana," alisema. "Asubuhi nina mazoezi."