Bwana Muhuri na Mpangaji wa Uani

Ofisi ya uhamiaji ina madirisha manne, lakini anayetaka kuongezewa muda wa viza lazima apite kwa Bwana Muhuri. Jina hilo alijipachika mwenyewe. Hugonga muhuri kama anapigilia msumari, kisha humtazama mgeni kana kwamba kamzaa yeye. Na yeye mwenyewe, basi likivuka daraja la mjini tu, hutapika.

Basi mkewe akampangisha chumba cha uani msafiri mmoja wa baiskeli, kijana mgeni mwenye vigimbi kama michi, anayekata bara zima kwa pedali. Kiswahili alikiokota njiani. Kijana akamwita mke dada, na Bwana Muhuri shemeji. Kila jioni, vyombo vikishaondolewa, anaanza hadithi za safari: mara mbwa wa jangwani, mara mto uliobeba daraja. Mke anacheka hadi anashika mbavu. Kicheko hicho Bwana Muhuri alikuwa hajakisikia tangu enzi za uchumba, na enzi hizo aliyechekwa ni yeye. Sasa huenda chumbani kununa, mlango akauacha wazi kidogo. Bahati mbaya, mkewe hucheka mapema, kicheko kikameza mwisho wa hadithi.

Viza ikakaribia kuisha, na goti la kijana lilikuwa limevimba. Akaleta pasipoti dirishani, akaomba mwezi mmoja tu. Bwana Muhuri akaipokea kwa vidole viwili. Kumnyima hakuweza, mkuu wake angetaka sababu, na wivu haumo kwenye sheria. Akaifungia drooni, akasema ombi linashughulikiwa. Kijana akarudi, linashughulikiwa. Goti likapona, bado linashughulikiwa. Alidhani kijana atachoka aende zake. Akasahau neno ambalo kutwa huwahubiria wageni: bila pasipoti, mpaka huvuki.

Jioni moja alinuna hata kabla ya kula, mke akamfuata chumbani na sahani yake, akaketi kitandani.

"Mume wangu, goti la mgeni lilipona zamani. Mbona haondoki?"

"Si rafiki yako? Muulize."

"Nimemuuliza. Anasema pasipoti unayo wewe. Nikamwambia shemeji yako amekupenda, hataki uende."

Kijiko kikamponyoka.

Kesho yake ofisi ilipofunguliwa tu, muhuri ulitua kwenye pasipoti hadi wino ukamrukia shati. Kijana akamkumbatia pale pale mbele ya foleni, akamwita shemeji wa kweli, na kabla ya adhuhuri baiskeli ilishapotelea barabarani.

Jioni hiyo Bwana Muhuri alikula mezani, kifua mbele, jogoo aliyebaki peke yake bandani. Mke akawa anakunja nguo. Akamaliza shuka, akaingia kwenye mashati. Nyumba ikawa kubwa ghafla. Mume akakohoa.

"Hivi yule mbwa wa jangwani, mwishowe alimng'ata kijana au hakumng'ata?"

Mke akaweka shati chini.

"Kwani wewe ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa nanuna."

Mke akashika mbavu. Safari hii kicheko chote kilikuwa cha Bwana Muhuri, kama enzi za uchumba.