Biskuti za Asali za Bi Ladan

Mwaka wa 1938, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, Arafa binti Adow alipanda lori la magunia kutoka Bungoma kwenda Kitale kumuuguza mama yake. Miaka tisa ilikuwa imepita hawajasemezana.

Ugomvi wao ulikuwa juu ya mume. Bi Ladan, mjane wa mchuuzi wa ng'ombe wa Kisomali, alitaka binti yake wa pekee aolewe na mtu wa ukoo. Arafa akampenda Wabwile, mpakia mizigo wa stesheni ya Bungoma, Mbukusu aliyesilimu ndipo akaposa. Siku ya kuondoka, Bi Ladan hakumlaani. Alisimama mlangoni akasema, "Nenda. Lakini biskuti za mama yangu hutazijua."

Mtu wa mbali angecheka. Waislamu wa Kitale wasingecheka, maana Idi bila biskuti za asali za Bi Ladan ilikuwa kama mwezi haujaandama. Aliziokea kwenye sufuria, mkaa chini, mkaa juu ya kifuniko, na harufu ikavuka nyua tatu. Unga, samli, iliki na asali kila mtu aliviona vikitiwa. Lakini palikuwa na kitu kingine alichokifungua kwenye pindo la leso, mgongo ukiwa kwa watu. Alikipokea kwa mama yake, naye kwa mama yake, na baada yao kingekuwa cha Arafa.

Arafa alimkuta mama kalala, upande wa kuume umekufa, ulimi umefungwa. Akapiga magoti.

"Mama, ni mimi. Nisamehe."

Macho yalimtazama kitambo, kisha yakageukia ukuta.

Sellah, jirani aliyekuwa akimwosha mgonjwa, alisema, "Uji anatema. Maziwa anatema. Wewe mtoto wake, si umpikie kitu anakijua?"

Arafa akawasha mkaa, akaanza kuoka biskuti zile. Siku ya kwanza alitia mdalasini. Mama akaonja, akatema. Siku ya pili karafuu, akatema. Kungumanga, tangawizi, maganda ya chungwa yaliyokaushwa, vyote vikaishia kwenye kitambaa chini ya kidevu. Mwisho Arafa akapanga viungo vya dukani kwenye sinia, akalisogeza karibu na mkono wa kushoto, ambao bado ulikuwa na uhai.

"Nionyeshe, mama. Gusa tu."

Mkono ulibaki juu ya blanketi. Hapo ndipo palipomtafuna Arafa: hakujua kama mama hawezi au hataki.

Siku ya soko alikuja Chesang, mzee wa Mlima Elgon aliyemuuzia Bi Ladan asali tangu zamani. Arafa akamuuliza kama alijua alichokuwa akichanganya.

"Mimi nilileta asali tu," Chesang akasema. "Lakini hii nyeupe hakutaka. Alitaka ile nyeusi ya msituni, yenye uchungu kidogo."

Arafa alinunua kibuyu kizima. Jioni hiyo mama alipotiwa kipande mdomoni, hakutema mara moja. Alikishika. Machozi yakamtoka jicho la kushoto, na Arafa akainama karibu naye. Kisha ulimi ule mzito ukakisukuma nje, polepole, mpaka chote kikatoka.

"Bado nini, mama?" Arafa akalia. "Bado nini?"

Akaoka wiki tatu mfululizo. Bi Ladan akazidi kukonda, shavu likaingia ndani. Asubuhi moja Arafa, kwa uchovu, alisinzia karibu na jiko, na biskuti zikaungua zikawa nyeusi chini. Hakuwa na unga mwingine. Akakwangua, akalowanisha kipande kwa maziwa, akampelekea mama huku akiona aibu.

Bi Ladan akafungua kinywa. Akatafuna. Akameza. Akafungua tena.

"Anakula!" Sellah akapiga vigelegele. "Mungu ni mkubwa, anakula!"

Arafa hakupiga kigelegele. Alimlisha mpaka sahani ikaisha, akiyaangalia macho yale, nayo hayakumtazama yeye wala ukuta. Hata majivu angempa, angemeza. Mama aliyekuwa akikataa alikuwa ameshaondoka, na hakuaga.

Siku nne baadaye walimzika. Wabwile alikuja mazishini, akashika koleo pamoja na wanaume, akamrudisha mkewe Bungoma.

Arafa aliishi huko hadi miaka ya hamsini. Alizaa mabinti watatu, akawafundisha chapati, mandazi na sambusa. Mwaka mmoja, Idi ikikaribia, mkubwa aliuliza, "Mama, bibi wa Kitale alikuwa anapika nini Idi?"

"Sikumbuki," Arafa akasema, akamtuma dukani akanunue mkate.