Niliyemwangusha kwa Goti la Ngamia

Hata sasa nikikumbuka, mwili unanisisimka. Mimi ni daktari wa mifupa hapa Isiolo, na juzi nilikuwa nasimamia mtihani wa madaktari wanaojifunza kutibu goti kwa kamera nyembamba inayopitishwa kwenye tundu dogo. Wanafanyia mazoezi magoti ya ngamia tunayonunua buchani. Ili tusipendelee mtu, tunasahihisha video zisizo na majina, na unaona ndani ya goti tu.

Siku hiyo nilikuwa na maringo. Nilikuwa nimepaka ndevu hina nyekundu kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu kule Kiwanjani, nikaketi mbele ya wanafunzi kama hakimu.

Video ya tatu ikanipandisha hasira. Kamera ilikuwa inayumba, kifaa kinakwaruza mfupa.

"Wallahi, huyu anatibu ama anakoroga uji?" nikauliza. Wanafunzi wakainamisha vichwa. "Huyu asiguse goti la mama yangu! Ameanguka!"

Daktari Halima, tuliyekuwa tukisahihisha naye, akaninong'oneza, "Daktari, si tungoje iishe kwanza?"

"Ya nini? Nimeona ya kutosha!"

Kamera ikatoka gotini ikiwa bado inarekodi. Ikapita juu ya meza, ikapanda polepole. Hapo nikakumbuka. Asubuhi ile, kabla ya mtihani, ni mimi niliyewaonyesha wanafunzi mfano, na video yangu ikahifadhiwa pamoja na zao.

Skrini nzima ikajaa ndevu nyekundu.

Hakuna aliyecheka. Waligeuka tu, mmoja mmoja, wakakitazama kidevu changu.