Nusu ya Wali Wangu

Chumba chetu, sisi wanafunzi wa historia, falsafa na lugha, kiko ghorofa ya pili ya jengo la kale la chuo, lile la mawe ambalo watalii hupiga nalo picha. Nje limechongwa majani na vichwa vya wanyama. Ndani kuna makochi manne yaliyobonyea, friji, birika la umeme, na mlango wa kioo unaotenganisha wanaosoma kimya na wanaopiga soga. Wenzangu walikwenda pale kusoma. Mimi, nikisema kweli, nilikwenda kukaa chini.

Nilikuwa natoka zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Auburn, kitongoji cha jiji hili la ughaibuni, napanda treni asubuhi nikiwa na sare ndani ya mkoba, nafika miguu imevimba. Tasnifu yangu ilihusu kina mama wa kambi ya wakimbizi kule Kigoma nilikokulia, na jinsi walivyogawana chakula cha mgao. Ulikuwa mwaka wa tatu huo, na sura ya pili haijasogea. Dada yangu anayekaa Liverpool, kitongoji kingine cha jiji hilihili, aliniambia kwenye simu, "Achana na hiyo uni, mdogo wangu. Omba shift za mchana, ulale kama watu." Nilikuwa nimeanza kuona kwamba anasema kweli.

Jumanne moja nilifungua bakuli langu la wali na maharage. Mezani alikuwepo binti mmoja mrefu, mwanafunzi wa falsafa, aliyetoka kwenye mashamba ya ngano mbali sana na jiji. Nikamwambia karibu tule. Hilo kwangu lilikuwa neno la adabu tu. Unayemkaribisha husema asante, nimeshiba, na kila mtu anaendelea na yake. Yeye alisema asante, akavuta kiti, akachukua uma.

Alikula nusu. Nilikasirika, tena sana, lakini ningemwambiaje mtu niliyemkaribisha kwa mdomo wangu mwenyewe? Jumanne iliyofuata nilijaribu kula nikiwa nimegeukia dirisha. Maharage yakakataa kupita kooni, kwa sababu marehemu mama hakutulea hivyo. Nikageuka na kusema karibu kwa sauti ya chini, nikiomba asisikie. Alisikia.

Ikawa mazoea. Binti alikuwa na hamu kubwa ya kula na maswali mengi zaidi. Huku akitafuna aliniuliza ni nani kule kambini aliyekuwa akipima mafuta ya mgao, na aliyechelewa foleni alifanyaje. Nilimjibu kivivu, ilimradi nimalize nikajilaze kochini. Nyumbani nikaanza kuongeza kikombe kimoja cha mchele sufuriani, nikinung'unika peke yangu.

Baridi ilipoingia nikachoka kabisa. Nilijaza fomu ya kujiondoa masomoni, ambayo ilitakiwa ifike ofisini, chini ya ngazi zetu, kabla ya saa kumi na moja siku ya Jumanne. Siku hiyo sikupika. Niliingia chumbani kuchukua vitu vyangu kabatini: sweta, kikombe, madaftari.

Binti akavuta kiti kama kawaida. Nikaweka fomu mezani.

"Leo hakuna chakula," nikamwambia. "Naacha masomo. Nimechoka."

Aliisoma fomu. Hakuniambia nijikaze, na kwa hilo namshukuru hadi leo. Aliirudisha mezani, akauliza, "Yule mama aliyepoteza kadi ya mgao. Uliishia majirani walipofika kwake. Walimpa chakula?"

Nilikuwa nimesahau kwamba nilimsimulia. Yule mama alikuwa mama yangu mzazi.

"Hakuna aliyempa," nikasema. "Wangemwaibisha. Walikuja kwa zamu kuazima meko yake. Anayekuja anapika pale pale, anapakua, anasema karibuni. Na mama, ambaye kila alipokaribishwa alisema ameshiba, alikaa akala. Tulikula hivyo mpaka alipopata kadi nyingine."

Nilijisikiliza nikiyasema hayo, nikaona haya juu ya kila nusu ya wali niliyoinung'unikia.

"Hilo liko kwenye sura ya pili?" akauliza.

"Halipo. Sijaliandika."

Akanisogezea kalamu yake. Karatasi iliyokuwa karibu ilikuwa fomu, basi nikaigeuza na kuandika nyuma yake, nikaanzia na meko. Nilipofika mwisho wa ukurasa nikafungua daftari. Tulisikia ofisi ya chini ikifungwa, wala hatukutazamana.

Uchovu haukuondoka. Zamu ilikuwa inaningoja vilevile, na kwenye treni nililia kidogo, kwa ajili ya mama na kwa ajili ya miguu yangu. Jumanne iliyofuata nilipika wali wa watu wawili. Nilipofungua bakuli sikupata nafasi ya kusema karibu, maana alikuwa ameshavuta kiti.