Sofa Lililolipuka Mchana Kweupe

Yule dada mnayemcheka kwenye video, anayekimbia peku huku sofa linarusha nyota za kijani nyuma yake, ni mimi.

Ndiyo. Mimi hapa. Habari zenu.

Maoni yenu nimeyasoma yote. Aliyeandika kwamba fundi kaweka petroli badala ya sponji alinichekesha hata mimi. Lakini aliyeandika "mwiba wa kujichoma hauambiwi pole" nimemtafuta nikamkosa. Basi naye akae asome.

Mlichokiona ni kipande tu. Hamjui sofa lile lilifikaje pale, na hamjui kilichofuata, ambacho ndicho kibaya zaidi.

Mimi na shangazi yangu ni mafundi wa sofa. Yeye alianza kazi hii kabla sijazaliwa. Mimi nilikuja na stashahada yangu ya samani, na mdomo ambao yeye anasema ungetosha kupigilia misumari.

Karakana yetu ni chumba kirefu chenye ua kwa nyuma. Ukiingia, upande huu mbao, upande ule marobota ya vitambaa, na katikati, mpaka karibu na dari, sponji.

Kwa asiyejua: mbao zikishika moto, zinakupa muda wa kuita majirani. Sponji haikupi. Inawaka kama imetukanwa, na moshi wake ni sumu.

Sasa, katika ukuta huohuo tulioegemeza sponji, upande wa pili kulikuwa na duka la fataki.

Mwenye duka mtaa ulimwita Mzee Cheche. Mgane mpole, shati limepigwa pasi hadi mikono inasimama yenyewe, mtu wa kusalimia hata paka. Na aliuza kwa kila aliyekuwa na mfuko. Maharusi, washabiki wa mpira, walevi, watoto waliotumwa sukari wakabakiza chenji.

Tena wateja wake walikuwa na tabia ya kujaribia bidhaa palepale mlangoni.

Siku moja fataki iliingia dirishani kwetu ikatua kwenye robota la mahameli. Niliikanyaga na kandambili. Moto ulizimika, kandambili ikayeyuka, unyayo wangu ukakaa wiki nzima umefungwa bendeji.

Nikaenda kwake nikichechemea. Shikamoo nilitoa, maana nimelelewa. Kisha nikamweleza kila kitu kuhusu sponji, moshi na ule ukuta mwembamba.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Binti yangu, hata kisu kinakata. Tufunge maduka ya visu?"

"Kisu hakiruki ukuta, mzee."

Akacheka, akanivutia kiti, akaagiza niletewe chai. Ndivyo alivyokuwa. Hakuna kinachochosha kama kugombana na mtu mwenye adabu.

Nyumbani nako sikupata msaada. Kila nikimtaja, shangazi aliniambia nimwache mzee wa watu. Nikadhani ni ujirani tu.

Niliandika barua ofisi ya mtaa. Wakaniambia wamepokea. Nikaenda mwenyewe, wakaniambia ofisa yuko kwenye kikao. Nikarudi, wakaniambia kikao kimezaa kikao. Nilitamani kuwaambia wamlete huyo mjukuu wa vikao tuongee naye.

Ofisi iliamka siku kijana mmoja aliposherehekea ushindi wa timu yake akiwa ameishika fataki kichwa chini. Vidole vyake vingine havikuwahi kurudi.

Ndipo ofisa wa mtaa akaitisha mkutano. Na mimi nikasimama.

Sikusema fataki ni haramu. Nilisema zibaki, lakini zirushwe na waliofunzwa, uwanjani, maji yakiwa karibu, sisi wengine tukae mbali tukodoe macho. Nikawaambia, "Sindano ni uzima, lakini haiuzwi dukani ili tuchomane wenyewe kwa wenyewe."

Watu walipiga makofi. Ofisa akatangaza kwamba kuanzia siku ile fataki haziuzwi tena kwa raia, na duka liwe tupu kabla wiki haijaisha.

Mzee Cheche alisema neno moja tu: amesikia.

Hakuna aliyeuliza mzigo wote ule unakwenda wapi. Nami sikuuliza. Nilikuwa na shughuli ya kupokea pongezi.

Wiki haikuisha. Rafu zikabaki tupu kweli, mlango ukapigwa kufuli. Nikalala usingizi ambao sijaulala tangu nianze kazi.

Siku hizo tulikuwa na oda ya nesi mmoja: sofa moja refu na viti viwili vya mtu mmoja mmoja. Shangazi alisema atamalizia yeye. Akafunga kazi, akaniagiza seti isitoke mpaka yeye aseme kwa kuwa gundi haijakauka, akasafiri kwenda kumwona dada yake mgonjwa.

Alivyoondoka tu, nesi akapiga simu. Wageni wanakuja, sebule tupu, watakaa kwenye ndoo? Nikaigusa gundi. Kavu kama kauli ya ofisini. Nikaita pikapu.

Safari ya kwanza ilibeba vile viti viwili kabla sijavikagua. Sofa refu likasubiri uani zamu yake, nami nikaligeuza miguu juu nilikague.

Hapa nisikilizeni vizuri.

Chini ya kila sofa kuna uwazi. Tunauziba kwa kitambaa cheusi cha nailoni kilichobanwa kwa pini, na mteja hatakiangalia mpaka sofa life. Mimi nakiangalia. Nailoni ikikatwa inaota nyuzi, na dawa yake kila fundi anaijua: unapitisha kiberiti cha gesi ukingoni, harakaharaka, nyuzi zinajikunja, kazi inang'aa.

Tunafanyia uani, mlango wa karakana ukiwa umefungwa. Hata kwa hilo nilikuwa makini.

Siku ile ukingo ulikuwa aibu. Nyuzi kama ndevu za mbuzi, pini zimekaa upogoupogo. Nikajisemea, masikini, shangazi anazeeka.

Nikawasha.

Mengine mliyaona. Msichokiona ni fataki iliyopita katikati ya shuka za jirani zilizoanikwa, ikatoboa moja, ikatoboa nyingine. Wala hamkuona nyusi zangu, kwa sababu hazikuwepo tena. Karakana ilipona kwa sababu ya ule mlango tu.

Na aliyerekodi ni dereva wa pikapu, aliyekuwa amerudia safari ya pili. Bomba la maji lilikuwa kando yake. Yeye akachagua simu.

Nilibeba kipande cha boksi la fataki kilichobaki, nikaenda nacho ofisini hivyohivyo, uso umejaa masizi. Mzee Cheche akaitwa. Nikaongea. Wallahi niliongea. Nikasema ameingia kwetu kwa kificho, ametujazia baruti kulipiza kisasi, alitaka kutuua.

Yeye alitazama sakafu. "Nisamehe, binti."

Basi. Hakujitetea hata kwa herufi moja. Ofisa alishaishika simu awaite polisi.

Mlango ukafunguka, akaingia shangazi na mkoba wake wa safari. Habari zilimkuta njiani, maana video ilishakuwa na miguu. Hakukaa.

"Mwacheni. Mimi ndiye niliyezitia."

Nilidhani anamwonea huruma. Kumbe anaeleza. Mzee aliambiwa aondoe mzigo, hakuambiwa aupeleke wapi. Aliyemuuzia jumla alikataa kuupokea, akamwahidi kwamba lori lake litapita siku za usoni. Jalalani kuna watu wanaookota. Kuuchoma ndiyo kabisa. Shangazi akamwambia aulete kwake usubiri lori, ndani ya sofa ni pakavu, na hakuna mwizi anayeiba tumbo la sofa. Alikusudia kuutoa kabla seti haijakwenda kwa mteja.

Nikamuuliza kwa nini. Ukuta uleule, sponji ileile, na unyayo wangu alikuwa akiufunga bendeji yeye mwenyewe. Kwa nini amfanyie mtu huyu hivyo?

Akarekebisha mtandio wake.

"Kwa sababu ananioa. Ningekwambia lini, mwanangu? Kila nikifungua mdomo, wewe uko katikati ya hotuba."

Ofisa alikohoa. Mzee Cheche aliendelea kuichunguza sakafu.

Shangazi ndiye aliyeendelea, sasa kwa sauti ya chini. "Na vile viti vidogo umeviweka wapi? Nimepita karakana sikuviona."

"Vimekwenda kwa nesi."

Mkoba ulimtoka mkononi.

"Navyo vimo," akasema.

Sikumbuki tuliingiaje kwenye gari la ofisa. Nakumbuka nampigia nesi na simu inaita bila kupokelewa, maana alikuwa zamu wodini. Nakumbuka shangazi akirudia "lori lilikuwa lije, lori lilikuwa lije", na Mzee Cheche amemshika kiwiko. Sikuwa hata na nafasi ya kukasirika kwa kuona kiwiko kile.

Mlango wa nyumba ya nesi ulikuwa wazi.

Sebuleni alikuwemo mama yake, bibi mnene mwenye miwani. Alikuwa ametandika blanketi juu ya kiti kimoja, amepiga magoti mbele yake, anapiga pasi sare nyeupe za bintiye. Pasi yenyewe ilikuwa imelazwa kwenye mkono wa kiti, uso wake chini, yeye akikunja kola.

Blanketi lilishaanza kubadilika rangi.

"Karibuni, mafundi," akasema. "Viti vizuri, hongereni. Vigumu kidogo tu."

Mzee Cheche alivuka chumba kabla yetu sote. Akamsalimia, akaiinua pasi kwa mikono miwili kama anayepokea mtoto mchanga, akachomoa waya ukutani.

Mimi nikapindua kiti. Nikachana kitambaa cheusi kwa kucha. Maboksi yalikuwa yamepangana vizuri, picha za nyota na watu wanaotabasamu zikitutazama. Kiti cha pili vilevile.

Bibi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Nimekaa juu ya hayo tangu asubuhi?"



Tulizamisha maboksi kwenye beseni la kufulia, moja baada ya jingine, mpaka karatasi zikavunjika na maji yakawa meusi. Ofisa akasimama mlangoni akisimamia. Lilipobaki boksi moja, lile kubwa kuliko yote, akatuzuia. Akalibeba mwenyewe mpaka kwenye buti ya gari lake.

"Ushahidi," akasema.

Nikamwamini. Nilifurahi, hata. Nikajua sasa kesi itasikilizwa, sheria itaandikwa sawasawa, mzigo uliozuiwa utakuwa na mahali pa kupelekwa, na hakuna fundi mwingine atakayeota nyusi upya.

Kesi haikusikilizwa. Shangazi alionywa kwa mdomo, mzee akaonywa kwa mdomo, mimi nikaambiwa nipunguze kelele. Nesi tulimtengenezea seti mpya, na aliipindua yote miguu juu kabla hajaiingiza ndani.

Jumamosi iliyofuata nilikuwa uani jioni, nang'oa pini kwenye fremu iliyoungua. Mzee Cheche alikuwa amekuja kunisaidia. Tulikuwa hatujazoeana, alikuwa ananipa koleo kabla sijaomba, nami napokea bila kumtazama.

Mtaa wa juu kulikuwa na harusi. Mtoto wa ofisa alikuwa anaoa.

Kikalia kishindo. Kisha ushahidi ukapanda angani.

Wa kijani kwanza. Halafu mwekundu, halafu wa dhahabu unaomwagika kama maji juu ya mapaa ya watu. Mtaa ukashangilia. Nikasikia watoto wakiomba nyingine.

Mzee hakushangilia. Alisema taratibu kwamba aina ile ni ya uwanjani, haikutakiwa kuwashwa katikati ya nyumba. Akajaza ndoo, akasimama nayo kwenye lango letu, akifuatisha kwa macho kila cheche ilipoangukia, mpaka ya mwisho ikazimika.

Mnaniuliza kwenye maoni kama bado nasimamia maneno yangu, mimi niliyejilipua mwenyewe. Nayasimamia, na nimeyaongeza.

Raia asiuziwe fataki. Si kwa sababu ni mjinga. Shangazi yangu si mjinga, mzee si mjinga, bibi wa watu alikuwa anapiga pasi tu. Na yule aliyetangaza katazo, akaona pasi ile kwa macho yake, alishindwa kukaa na boksi moja hata wiki. Furaha ikishakuwa kwenye buti yako, utaiwasha.

Na ninyi mnaokataza, mkimaliza kupigiwa makofi, ulizeni mzigo unalala wapi. Usiku wa leo kuna mtu ameukalia.